Barafu ya Bucha

Jumatatu, 3 Agosti 2009
Stima imepotea tena, leo ni zamu ya mtaa wetu, Kinoo, kukatiwa. Redio inasema mabwawa ya umeme yamekauka. Nimewadunga watoto chanjo hapa kliniki mpaka mchana. Kipimajoto cha friji kiko sawa. Kila siku kiko sawa, hata stima ikipotea. Sipendi.

Jumatano, 5 Agosti
Siku nzima bila stima. Wairimu, nesi mwenzangu, ndiye hufungua kliniki. Anasema huwasha jenereta kabla sijafika. Fundi nguo wa mlango wa pili hajaisikia, na yeye husikia kila kitu. Wairimu ananidanganya. Kwa nini?

Alhamisi, 6 Agosti
Nimefika mapema makusudi. Wairimu akashtuka, akaficha mfuko wa nailoni nyuma ya mlango. Labda anaiba chanjo. Nimekula peke yangu.

Ijumaa, 7 Agosti
Wairimu alipoenda choo nikafungua friji. Kipimajoto kimelazwa juu ya pande la barafu. Chupa za chanjo zenyewe vuguvugu. Akanikuta hapo hapo.
"Jenereta iliharibika mwezi uliopita, Sista. Daktari mwenye kliniki aliniambia ninyamaze, eti mvua iko karibu, stima itarudi. Barafu natoa kwa bucha, ndiyo ile ya kwenye mfuko."
Bucha wana jenereta. Nyama iko baridi kuliko chanjo.
"Kwa hivyo tunadunga watoto maji matupu?"
Akalia. Sikumwonea huruma. Nimewarudisha akina mama wote nyumbani.

Jumamosi, 8 Agosti
Daktari amekuja na gari lake. "Sista, unataka watu wafikirie nini? Subiri mvua." Nikamwambia Jumatatu naenda mjini kwa wakubwa wa afya. Akasema nisirudi. Naogopa sana.

Jumatatu, 10 Agosti
Nimekaa kwenye benchi mjini, hata huku taa zimezima. Nilidhani niko peke yangu. Kumbe Wairimu amenifuata. Amewaambia wakubwa yote mwenyewe, pamoja na barafu. Sijui kama namwamini.

Jumatano, 12 Agosti
Wakubwa wamemwaga chanjo zote. Kliniki haijafungwa. Tumepewa chanjo mpya kwenye kasha la baridi, na amri: watoto wote wadungwe upya. Daktari hanisalimii, lakini hajathubutu kunifukuza.

Alhamisi, 20 Agosti
Wengi wamerudi. Mama mmoja ametutukana, kisha akamvua mtoto shati. Wengine hawajaja, kwa hivyo mchana tumewafuata nyumbani, Wairimu akibeba kasha. Kwa nyumba ya mwisho alimshika mtoto, mimi nikadunga. Tukapewa uji. Tukanywa tukiwa tumekaa kwenye ngazi moja.