Bango Lisilofunguka

Binti yangu,

Chai iko kwenye chupa. ~~Kompyuta usiiguse.~~ Washa kompyuta.

Mwenye nyumba anataka kumtoa jirani yetu fundi cherehani kesho, na faili la bango la mkutano wa wapangaji ambalo fundi alituletea asubuhi, programu yetu ya zamani imekataa kulifungua. Nawe ukanicheka mbele yake: “Mama, unataka kubadilisha kila kitu isipokuwa kompyuta yako!” Naondoka nimenuna.

Lakini sababu ninayo. Mjomba wako alichota programu kwenye ghala la mtandaoni asilolijua, akasasisha kila kitu kwa pupa, printa ikawa bubu siku ya mgomo wetu. Mimi sisahau.

Kwa hiyo ongeza kwenye kompyuta ghala rasmi la watengenezaji wenyewe, lenye matoleo mapya, uchukue programu ya mabango peke yake. Vingine viache vilivyo! Kisha chapisha nakala nyingi, ubandike mpaka kwenye geti la mwenye nyumba.

Mimi siwezi kukaa, nakwenda kugonga milango. Printa ikigoma tena, usinifiche. Anza kuandika kwa mkono, maana mwandiko wako ndio unaosomeka.

Kesho hatoki mtu.

Mama yako, bado nimenuna