Wimbo Niliouruka

Solwezi, 9 Februari 2014

Shangazi yangu mpendwa,

Napiga magoti na kukupigia makofi ya heshima, ingawa hunioni. Hujambo? Goti je, na kile kifua cha msimu wa baridi? Sisi hapa tunapumua. Mvua haikatiki na tope la mgodini linaingia mpaka jikoni.

Utashangaa kupata barua inayonuka dagaa. Nimempa Mama Chomba, yule anayeleta magunia ya dagaa kutoka Mpulungu na kupitia kwako Kasama. Simu ninayo, lakini kila jioni Baba Mwaba huichukua akaangalia nani kapiga na nini kimeandikwa. Ukitaka kunijibu, jibu kwa njia ya dagaa.

Habari yenyewe ni ya Mwaba. Tangu Krismasi hasemi, si nyumbani si shuleni. Mtoto wa miaka sita, akisikia viatu vya mgodini getini anajikojolea. Mwalimu wake akanipa karatasi niende nyumba ya ushauri wa familia, ile iliyokuwa duka la mikate karibu na zahanati. Hawatoi dawa wala sindano. Wanakaa na watu wa nyumba moja wakazungumza nao, wiki baada ya wiki. Mshauri ni mama wa Kingoni, Bi. Thokozile, mnene na mcheshi. Aliposikia mimi ni Mbemba akaanza utani wa makabila yetu, "Karibu, mla nyani. Leo nyani hatuna, kuna chai tu." Nikamjibu kwamba bora nyani kuliko panya wa kwao. Tukacheka, na Mwaba akatutazama sana.

Akampa Mwaba vidoli vya matambara na vyombo vidogo vya udongo, akamwambia awapange watu wa nyumbani kwao wakati wa kula. Mwaba akamweka baba kwenye kiti. Akajiweka mwenyewe chini ya meza. Mimi akanitia ndani ya chungu, akafunika. Bi. Thokozile akamuuliza, "Mama yuko wapi?" Na mtoto aliyekuwa bubu wiki saba akasema, "Nimemficha. Usiseme kwa sauti."

Kisha Bi. Thokozile akaniuliza mimi, taratibu, nyumbani kuna nini. Nikasema hakuna kitu. Nilikukumbuka wewe, Shangazi. Ulinicheza mwenyewe, ukaniapisha mbele ya vinyago vya udongo kwamba ya chumbani hayavuki kizingiti, na mwali atakayeyavusha nyumba itamwangukia yeye na wanawe. Kusema naogopa, kunyamaza naogopa. Wewe ndiye kungwi wangu. Je, naruhusiwa?

Mwali wako,
Nkandu


Kasama, 21 Februari

Mwanangu Nkandu,

Barua imefika, na nusura paka wa jirani aile. Mimi sijambo. Goti linanung'unika lakini linanibeba, na maharage mwaka huu yamekubali. Hofu yangu ni kwenu tu.

Sasa nisikilize. Huyo Mngoni akuulize ya ndani ya nyumba yako kama nani? Watu ambao wakiona panya wanasonga ugali, leo ndio watufundishe ndoa? Siri ya mtungi aijuaye kata. Mume kufoka si jambo jipya. Anashinda chini ya ardhi kama fuko, akitoka anatoka na hasira zake. Mpe maji ya moto, mpe chakula, nyamaza. Mimi nilikaa kwa mume wangu miaka ishirini na sita na hakuna aliyejua chakula gani kiliungua.

Lakini sitakuacha hivi hivi. Njia ipo, na ni ya wazee: mwali humwambia kungwi, kungwi humwambia mshenga, mshenga humwambia mume. Kwa hiyo jana nimempigia simu Mzee Katongo, mshenga wenu aliyekuja kukuposa. Nimemwambia azungumze na Baba Mwaba kwa upole, kwamba mke ana malalamiko na mtoto amepelekwa kwa washauri. Atamtuliza. Wanaume husikilizana.

Mvumilivu hula mbivu, mwanangu. Mbusu Mwaba.

Shangazi na kungwi wako


Solwezi, 5 Machi

Shangazi,

Nakusalimu kwa haraka, nisamehe. Natumaini u mzima.

Mzee Katongo alipiga simu Jumapili tukiwa tunakula. Baba Mwaba akaweka simu sikioni, akacheka. "Ndiyo, Mzee. Ndiyo, ndiyo. Wanawake, Mzee, si unawajua." Akakata. Akamaliza ugali wake na matembele yote, akanawa, akajifuta kidole kimoja kimoja. Kisha akaniuliza, "Nani mwingine anajua?"

Hakupandisha sauti. Hakunipiga. Kipigo nakijua, Shangazi, najua kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Hili silijui, na ndilo ninaloliogopa.

Sasa geti lina kufuli jipya na ufunguo anao yeye. Mwaba anampeleka shule mwenyewe. Amesema nikikanyaga tena kwa yule mla panya, Mwaba atakwenda kuishi kwa bibi yake Chinsali na mimi nitabaki kulisikia jina lake tu.

Wewe ulidhani anafoka. Basi nikuambie. Mwezi wa kumi na mbili alinishika shingo akanizamisha kichwa kwenye ndoo ya maji ya kufulia, akawa anahesabu kwa sauti. Mwaba alikuwa mlangoni. Akahesabu naye, alidhani ni mchezo. Mtoto alipofika kumi na mbili akaacha, na hapo ndipo alipoacha kusema.

Mama Chomba yuko nje, nampitishia barua hii chini ya geti. Nakuomba usimwambie mtu yeyote. Mtu yeyote, Shangazi.

Nkandu wako


Kasama, 14 Machi

Mwanangu,

Leo salamu zimenishinda. Nimekaa na barua yako siku tatu.

Kosa la mshenga ni langu. Nilidhani nafuata njia ya wazee, kumbe nimempelekea fisi habari za mbuzi. Nisamehe, na kama huwezi kunisamehe, nisome tu hadi mwisho.

Unaujua mkono wangu wa kushoto, huu usionyooka. Niliwaambia nyote kwamba nilianguka kisimani. Sikuanguka popote. Ni marehemu mume wangu na mchi wa kinu, mwaka wa pili wa ndoa. Siku ya mazishi yake nililia kama inavyotakiwa, nikarudi nyumbani nikalala usingizi ambao sikuwahi kuulala tangu usichana.

Kuna jingine, na hili sijamwambia hata padri. Katika kumcheza mwali kuna kinyago cha jembe, na kina wimbo wake. Jembe likilima shamba, lishike. Likikulima mguu, litupe urudi kwenu. Mimi nilipochezwa nilifundishwa. Nilipokuja kuwa kungwi, kila nikifika kwenye jembe nilikohoa, nikaomba maji, nikauruka. Niliogopa kwamba nikiuimba wanawake wataniangalia mkono. Nimewacheza wali kumi na tisa, Nkandu, na hakuna hata mmoja wenu aliyeusikia. Nilikufundisha woga wangu, nikauvika kitenge nikauita mila.

Kwa hiyo kiapo nilichokulisha kilikuwa nusu, na kiapo nusu hakimfungi mtu. Nenda kaseme. Mwambie huyo Mngoni yote, na ya ndoo useme.

Shangazi yako


Kasama, 3 Aprili

Nkandu mwanangu,

Barua ya tarehe kumi na nne imerudi. Mama Chomba amepita kwenu mara tatu. Anasema geti lina kufuli kwa nje, mapazia yameshushwa, na akiita haitiki hata kuku.

Nimeshindwa kuvumilia, nimepiga simu kwenye nyumba ya ushauri. Bi. Thokozile akanisikiliza, akasema, "Mama, hata kama yuko mbele yangu siwezi kukuambia, na hata kama hayuko siwezi kukuambia. Ya watu wanaokuja hapa hayatoki hapa." Nikamtukana yeye na panya wa ukoo wake mzima mpaka pumzi ikaniishia. Kisha akasema, "Ukitaka kuandika, Mama, andika kwa anwani yangu."

Ndiyo hii naandika, na ile iliyorudi nimeitia humu. Sijui kama naandikia mtu aliye hai. Naogopa, Nkandu. Usiku mbwa akibweka naamka nikidhani ni mtu anayeleta msiba.

Shangazi yako


Solwezi, 12 Aprili

Kwa Shangazi.

Sisi ni wazima. Mume wangu ni mtu mwema na mtoto anaendelea vizuri. Mambo yetu tumeyamaliza wenyewe. Usiniandikie tena wala usiwasumbue wazee kwa simu.

Nkandu


Kasama, 20 Aprili

Mwanangu,

Nimepata karatasi yenye mwandiko wako na maneno ya mtu mwingine. Tangu ujifunze kuandika hujawahi kunitumia barua bila kuniuliza hali. Nimeisoma nikiwa nimesimama, nikakaa chini uani mbele ya watu.

Naituma hii kwa Bi. Thokozile. Kama upo, kohoa tu. Nitasikia.

Shangazi yako


8 Mei

Shangazi yangu,

Hujambo? Goti linakubeba? Sisi wazima, kweli wazima. Mwaba anasema. Anasema mpaka anakera, jana amemgombeza jogoo kwa kuamsha watu.

Mwalimu alimwandikia Baba Mwaba kwamba mtoto anayejikojolea darasani hatapokelewa mpaka wazazi wote wawili wafike kwenye ushauri. Aibu anaiogopa kuliko kifo, kwa hiyo alitupeleka mwenyewe. Bi. Thokozile akampokea kwa chai na viazi vitamu. "Wewe ndiye mwenye nyumba, tutaanza na wewe." Utaratibu wao ni kwamba kila mtu wa familia anapata nusu saa peke yake, mlango umefungwa, na ya nusu saa yako hayaingii katika nusu saa ya mwenzako. Mzee mmoja, mshauri mwenzake, alikaa na Baba Mwaba, Bi. Thokozile akakaa na mimi.

Siku ya kwanza nilisema yote, na ya ndoo. Barua yako ya kunifungua haikuwa imefika bado. Sikungoja ruhusa, Shangazi, mdomo ulifunguka wenyewe. Siku ya pili ndipo aliponipa barua zako. Nilizisoma, nikalilia mkono wako, nikamrudishia azifiche. Ile karatasi ya Aprili aliisema Baba Mwaba neno kwa neno, mimi nikaandika.

Wiki zilizofuata tulipanga. Siku ya tano, Baba Mwaba akiwa ndani anamweleza yule mzee jinsi shangazi yangu alivyoniharibu, tulitokea mlango wa nyuma walikokuwa wanapakia mikate zamani. Gari lilikuwa linangoja. Mwaba alishika kiatu kimoja mkononi na hakulia. Nasikia baba yake aliomba aongezewe muda, alikuwa hajamaliza kueleza.

Sasa nitasema jambo litakalokuuma. Sitakuambia tulipo. Si kisasi. Mzee Katongo atakuja kwako, na kungwi hamfichi mshenga. Ndivyo ulivyofundishwa na ndivyo ulivyofanya. Nakupenda, lakini nakuogopa. Wakikuuliza, sema hujui. Itakuwa kweli.

Mwanao,
Nkandu


Kasama, 17 Mei

Mwanangu Nkandu,

Natumai barua hii imewakuta salama, wewe na mgombeza majogoo wako. Barua yako imeniuma, na ina haki ya kuniuma.

Walikuja Jumatano mchana, Mzee Katongo akitazama ardhi, na Baba Mwaba nyuma yake na sukari pakiti mbili na kitenge. Unajua mkwe anavyokaa kwa mkwewe: chini, pembeni, macho kwenye mkeka. Yeye alivuta kiti akakiweka mbele yangu, akanitazama usoni. Tangu lini mkwe akamtazama mkwewe usoni?

Akasema kwa upole, "Mama, nimepoteza mke na mtoto. Wewe ndiye uliyemfundisha. Yuko wapi?"

"Sijui."

Mzee Katongo akaingilia, "Mama kungwi, kati yangu na wewe hapajawahi kuwa na siri."

"Sijui, Mzee. Mngenichinja ningesema sijui."

Baba Mwaba akautazama mkono wangu huu, akautazama sana, akatabasamu. "Wazee husahau," akasema. "Nitakaa Kasama mpaka Mama akumbuke." 

Nikuambie ukweli. Ningelijua, ningelisema. Si kwa mila, ni kwa woga, woga uleule wa mwaka wa pili. Ulifanya vyema kuniogopa.

Amepanga chumba ng'ambo ya barabara. Asubuhi hukaa kwenye kibanda cha kuuza muda wa simu, anamsalimu kila anayeingia kwangu. Juzi alimsimamisha Mama Chomba, akaingiza mkono kwenye gunia la dagaa mpaka kwapani, akapekua. Barua hii anaibeba sista wa misheni mpaka kwa Bi. Thokozile, ndani ya kitabu chake cha sala, na sitamwomba tena.

Kwa hiyo usijibu. Usiandike Krismasi, usiandike ukisikia naumwa, usiandike hata ukisikia nimekufa. Mimi kila siku nitakayoamka nikakuta hakuna barua yako, nitajua hamjambo.

Shangazi yako