Nyuzi Ishirini na Sita

Nyumbani kwa Mama,
Kitongoji cha Juu, Jecheon,
12 Januari 2024.

Mpendwa mdogo wangu Gyu-hwan,

Hujambo huko Toronto? Wifi yangu Hye-rim hajambo? Na Do-gyeong, jino lake lililokuwa linalegea lilishang'oka? Natumai nyote mna afya. Sisi huku tunamshukuru Mungu, shemeji yako bado analalamikia mgongo, nami ni mzima. Salamu nimezitanguliza kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa. Sasa nisikilize, maana hasira zimenifika hapa kooni.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Karatasi haikatizwi. Kaa chini usome mpaka mwisho.

Zile fomu za nyumba ya wazee ulizonitumia nitie sahihi, sitii. Ng'o! Nimezikunja mara nne nikaziweka chini ya sufuria ya supu zizuie kuunguza meza. Hiyo ndiyo kazi yake kuanzia leo.

Umemwambia kila mtu kwamba Mama ameanza kupotewa na akili, kwamba analia baridi ndani ya nyumba yenye joto. Ukasema hawezi tena kuishi peke yake. Nami, Mungu anisamehe, nilianza kukuamini, kwa sababu wewe ndiye msomi na mimi nauza vitambaa sokoni Chungju.

Jumanne nilipanda basi nikaja bila kutoa taarifa. Nilimkuta Mama sebuleni anamenya vitunguu saumu, amevaa koti la kutokea nje na soksi mbili mbili, amekalia mito miwili. Nilipovua viatu na kukanyaga sakafu niliruka. Gyu-hwan, ile sakafu tuliyokuwa tukigombania kulalia tukitoka shule, ilikuwa baridi kama meza ya muuza samaki! Nikatazama ukutani jikoni kwenye kile kidude chako kipya cha kupimia joto. Nyuzi joto ishirini na sita.

Unakumbuka ulichofanya sikukuu ya mavuno? Boila inayopitisha maji moto chini ya sakafu ni ya zamani lakini nzima, ukasema hilo halina neno, tubadilishe tu kidhibiti chake. Ile swichi ya kuzungusha iliyokuwa chumbani kwa Mama ukaing'oa. Hiki kipya ukaamuru kifungwe jikoni, eti hapo ndipo intaneti inashika vizuri, ili ukikaa Toronto uone joto la nyumba kwenye simu yako na kulipunguza ukitaka. Tulikupigia makofi, wajinga sisi.

Sasa niambie wewe uliyezaliwa nyumba hii: jikoni kwa Mama, wakati wa baridi, ni lini jiko lilipumzika? Novemba kutwa nzima anachemsha soya za kutengenezea mchuzi wa mwaka. Desemba majani ya figili. Sasa hivi ni mifupa ya ng'ombe, siku tatu mfululizo, kwa sababu ulisema unakuja Mwaka Mpya wa kwetu mwezi ujao. Sufuria lile kubwa linatoa mvuke, na mvuke unapanda moja kwa moja kwenye kidude chako. Nacho kinajua nini? Kinaona joto, kinadhani nyumba nzima imekolea, kinaizima boila. Kadiri Mama anavyokupikia, ndivyo anavyoganda.

Nilizima jiko, nikafungua dirisha, nikasubiri. Haikupita saa moja, namba ikashuka mpaka kumi na tatu. Boila ikanguruma yenyewe kule nyuma. Mchana sakafu ilikuwa na joto tena, nikalala kifudifudi pale kati nikalia kama mtoto.

Nilimwita fundi Bang, yule uliyembishia Oktoba alipokuja kukifunga. Alipoona tu akatikisa kichwa.

"Dada, mimi nilimwambia mdogo wako. Nikamwambia, bwana mkubwa, hapa ni jikoni. Akaniambia, mzee, wewe funga tu."

Mzee, wewe funga tu! Mtu aliyepasha moto sakafu za kitongoji hiki miaka thelathini. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini wewe hiki ulikilalia miaka kumi na nane, sijui una kisingizio gani.

Sikufichi haki. Kidude chenyewe hakina kosa, na fundi Bang anakisifu. Amekihamishia chumbani kwa Mama, mahali pa swichi ya zamani, na amekipanga kipime maji yanayopita chini ya sakafu, siyo hewa. Sasa kinafanya kazi vizuri. Ila simu yako nimeiondoa. Ukitaka kujua kama Mama anasikia baridi, muulize Mama.

Magoti yake yamevimba na kifua kinabana. Daktari anasema atapona akikaa kwenye joto. Lakini hayo siyo yanayonikosesha usingizi. Nikuambie yanayonikosesha.

Nilikuwapo kwenye simu ya pamoja siku ile ulipompigia, nikiwa kwangu Chungju, uliposema kwa sauti kubwa, "Mama, simu yangu inasema ishirini na sita! Hapo watu wanavaa kaptula! Baridi gani hiyo?" Naye akakujibu kwa upole, "Basi mwanangu, labda ni mimi." Nilidhani yameishia hapo. Kumbe tangu siku hiyo Mama alikuwa anajipima. Kwenye kalenda ya jikoni, kila siku, ameandika kwa penseli: "26. Miguu baridi. Ni mimi." Kesho yake: "26. Baridi. Ni mimi." Wiki saba, Gyu-hwan. Amesimama mbele ya ukuta akakiamini kidude ulichomnunulia kuliko miguu yake mwenyewe.

Nilitaka kuifuta ile kalenda. Akanishika mkono. "Acha," akasema, "aliyesema ni Gyu-hwan." Kisha akanikataza nisikuandikie haya, eti utaumia. Ndiyo, uumie!

Tiketi yako usiibadilishe. Msalimie sana Hye-rim, mbusu Do-gyeong, mwambie shangazi yake amemwekea soksi za sufu. Shemeji yako anakusalimu. Fundi Bang pia anakusalimu, ingawa hustahili. Mungu akulinde njiani na akufikishe salama kwenye sakafu hii.

Supu yako imeganda kwenye friji, bakuli sita zenye jina lako. Lakini huli hata kijiko kabla hujapita jikoni. Kalenda iko palepale, nami nimetundika kifutio kwa uzi kando yake. Uifute mwenyewe, siku moja moja, Mama akiwa anakutazama.

Dada yako anayekupenda hata leo,
Geum-rye