Mwito wa Mama Aoko

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Hikma Kombo. Umri: miaka 16. Kazi: mwanafunzi, Kidato cha Tatu. Makazi: Huruma. Tarehe: 22 Juni 2025, saa kumi na mbili jioni. Mama yake, Muhiba, yupo.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mama aliyeketi hapa kando yangu. Aoko, mtoto wa jirani, miaka saba, hakutaka kupanda kwao. Mimi ndiye niliyemwambia apande.

Katika ploti yetu, jengo la ghorofa la kupanga, kila mama ana namna yake ya kumwita mtoto kutoka kwenye balkoni. Kelele za chini ni nyingi, kwa hiyo watoto hawasikilizi jina, wanasikiliza jinsi sauti inavyokwenda. Mama Aoko huanza juu na kushuka. Katika kwaya ya shule tungeiimba kwa noti mbili: so, mi.

Mnamo tarehe 14 Juni, Jumamosi, saa kumi na robo jioni, nilikuwa nimeketi kwenye ngazi nikisoma. Mama Aoko aliita kutoka ghorofa ya nne, "Aoko! Njoo!" Safari hii sauti ilianza chini ikapanda. Nilitazama juu. Nilimwona yeye peke yake.

Aoko alisimama na kamba yake ya kuruka. Alisema, "Mathe haniitangi hivyo."

Wenzake walimcheka. "Anaogopa kuoga huyo!"

Aliniangalia mimi, kwa kuwa mimi ndiye ninayemsaidia kusoma. Nami nilikuwa nimesikia tofauti hiyo kama yeye. Nilisema, "Umeitwa, Aoko. Panda."

Baada ya dakika kama tano, baba yake, Sylvance, ambaye haishi nao tangu mwaka jana, alishuka akiwa amembeba, uso wake ameukandamiza begani. Nilisogeza miguu wapite. Nikaendelea kusoma.

Saa kumi na moja majirani walivunja mlango wa Mama Aoko, aliyekuwa amefungiwa ndani. Mama Aoko alisema, "Baba yake alinishikia kisu mgongoni niite. Nikaita vibaya makusudi. Aoko anajua mwito wangu. Mbona alipanda?"

Nilishuka ngazi na kitabu changu.

Aoko hajaonekana tena. Kila jioni, saa ile ile, mama yake husimama kwenye balkoni na kumwita, so, mi. Watoto chini huacha kuruka kamba.

Leo alipoita nilifunga kitabu, nikamwomba mama anilete hapa kituoni.

Hayo ndiyo niliyoyaona, niliyoyasikia na niliyoyafanya.

Sahihi: H. Kombo

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya naye amekubali ni sahihi. Aliomba niandike jinsi sauti ilivyopanda. Nilijaribu mara mbili, nikafuta.
Konstebo Millicent Kanyiva