Sabufa Haikuharibika

Annet na Byabato,

Nimempeleka baba yenu hospitali. Wali upo kwenye hotpoti. Sabufa nimeizima ukutani, msiiwashe. Yuniti za umeme zimebaki nne na kwenye friji kuna sato. Mkitaka kuangalia kitu, sauti itokee kwenye TV yenyewe.

Byabato, najua umekwenda shule bila chai. Baba alikufokea kwamba umechezea nyaya, sabufa haitoi sauti. Mwanangu, sauti ilikuwepo. Vikombe vilikuwa vinatikisika kabatini. Wewe ulipotoka niliizima, nikasimama nyuma yake nikamwita, "Baba Annet!" Nikaita mara tatu. Hakugeuka. Nikakaa chini.

Yeye anajua tunakwenda kupima presha. ~~Msimwambie kitu.~~ Nitamwambia mwenyewe kabla hatujafika, nikipata nguvu. Sikio lake la kulia bado linasikia kidogo.

Annet, hedifoni zako mwachie baba. Zichomeke kwenye TV mapema, asikuone ukihangaika nazo, ataona aibu.

Na mkimwamkia asiitikie, hajanuna. Sogeeni upande wa kulia, mseme shikamoo tena.

Mama yenu