Papa Wachanga Katika Gunia la Tengeru

Jumamosi jioni

Nimewaona tena, safari hii wakiwa wakavu. Leo sokoni Tengeru muuza samaki kutoka Tanga alimwaga gunia la papa wa chumvi, na hakuna hata mmoja aliyezidi mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole.

"Wakubwa wako wapi?" nikamwuliza.

"Hawapatikani siku hizi, mzee. Wavuvi wenyewe wanalalamika."

Sikumwambia kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili nilikuwa baharia katika chombo kilichowavua hao wakubwa. Waingereza walitaka mafuta ya maini tu. Papa mwenye tumbo zito tulimshangilia tukidhani ni ini, na tulipompasua, watoto wakamwagika sitahani wakiwa hai. Walikuwa na urefu huu huu. Tuliwasukuma baharini kwa ufagio, pamoja na nyama ya mama yao.

Nikanunua mmoja, sijui kwa nini. Mke wangu amempika na ndizi. Nimeshindwa kula.

Halafu hili la mbuzi. Wakwe wanakuja kesho, basi alasiri nikaingia zizini kuchagua wa kuchinja, nikampapasa jike mmoja tumbo, nikamwachia. Kwetu mwenye mimba hachinjwi, hata mgeni awe nani.

"Mkono wako haukosei, Baba Eliya," mke wangu akasema.

Ni kweli, haukosei. Hata kule baharini haukukosea. Baada ya siku chache tu nilikuwa nikigusa tumbo la papa najua kilichomo, kisha napasua.