Jaribio la Tabia Limenigeuka

Jumatano, mtaani Waberi

Na mimi nililiamini, wiki mbili nzima. Lile jaribio la tabia tulilofanyishwa kazini lilisema mimi ni mkimya mno, sifai kuongoza wauguzi wenzangu. Nililia chooni.

Leo nimemwomba msimamizi wetu, Halima, nilirudie. Maswali yaleyale, na sasa likasema nimezaliwa kiongozi.

Nikamwambia, "Abaayo, dada yangu, mgonjwa akipimwa kundi la damu, kisha baada ya wiki mbili libadilike, ungemwongezea damu?"

"Wallahi, singethubutu." Akayaweka kando majibu ya sote. Atachagua kiongozi wa wauguzi kwa kuangalia kazi ya wodini.

Huenda nisichaguliwe, hilo bado linanitia hofu. Lakini alhamdulillahi, nikikosa, nitakosa kwa kazi yangu, si kwa vijisanduku nilivyotia alama.